Kunyakuliwa na Nani? Shairi la John Donne na Neno Lenye Nyuso Mbili

Kila lugha ina maneno yenye nyuso mbili. Sisi husema kwamba kwaya ya vijana imeteka mioyo ya washarika, na kila anayesikia anafurahi. Tukisikia kwamba mtu ametekwa njiani usiku, nyumba nzima inakosa usingizi. Kitenzi ni kilekile. Mara nyingi hatujiulizi imekuwaje neno la majambazi likaingia kwenye tangazo la tamasha la nyimbo, kwa sababu lugha tumeipokea kutoka kwa wazazi kama tulivyopokea nyumba, na si wengi wanaochimba msingi wa nyumba wanamolala.

Kiingereza kinayo maneno mengi ya namna hii. Nayataja kwa sababu vitabu vingi vya ibada, nyimbo na mahubiri tunayoyasoma au kuyasikia leo vimetoka katika lugha hiyo. Mtu aliyependa ghafla huitwa "smitten", na maana ya asili ya neno hilo ni aliyepigwa. Biblia yao ya zamani hutumia kitenzi hicho Mungu anapoipiga Misri kwa mapigo. Msisimko wa furaha huitwa "thrill", neno ambalo zamani lilikuwa na maana ya kutoboa. Hata jina lao la tundu la pua, "nostril", limebeba neno hilo la kale la tundu. Mtu aliyevutiwa kabisa na hadithi husema hadithi imem-"enthrall", na "thrall" ni mtumwa. Katika kundi hili lipo neno moja zito kuliko mengine yote, nalo ndilo nitakaloshughulika nalo hapa: "ravish".

Kwa Kiingereza cha magazeti ya leo, chakula, mandhari au mwanamke mzuri huweza kusifiwa kwa neno hilo: linapendeza mno, linachukua moyo. Lakini katika sheria na historia, neno hilohilo lina maana ya kumbaka mwanamke. Furaha kuu na uovu mkuu vimekaa kwenye kiti kimoja. Tena neno hili limo katika Biblia yao, na limo katika shairi la kiroho linalosifiwa kuliko mengi katika lugha yao. Mkristo anayelisoma shairi hilo hawezi kuepuka swali: je, Mungu anatupenda kwa namna hiyo?

Neno lilikotoka

Mzizi wake ni kitenzi cha Kilatini, "rapere", yaani kunyakua, kupora, kuchukua kwa nguvu na kwa haraka. Kutoka mzizi huo Waingereza wamepata jina la kosa la ubakaji, jina la ndege wakali wenye kucha kama tai na kipanga, na pia "rapture", neno la furaha inayomwinua mtu hata ajisahau. Baadhi ya Wakristo hutumia neno hilo la mwisho kwa jambo ambalo sisi tunaliita unyakuo.

Ilikuwaje furaha na uporaji vikawa ndugu wa tumbo moja? Sehemu ya jibu imo katika sheria za kale. Sheria ya Westminster ya mwaka 1275 ilikataza mtu kumchukua kwa nguvu binti ambaye bado mdogo, awe amekubali au hakukubali. Tunaweza kuiona kama ulinzi wa mtoto, na kwa kiasi fulani ndivyo ilivyokuwa. Lakini katika sheria za enzi hizo, kumtorosha binti na kumtendea jeuri viliwekwa chini ya neno moja, kwa sababu jambo lililopimwa zaidi lilikuwa hasara ya baba au ya bwana aliyekuwa na haki juu yake. Hata bwana aliyenyang'anywa mtoto aliyekuwa chini ya ulinzi wake aliweza kushtaki kwa neno hilohilo. Binti alihesabiwa kama kitu kilichotoka mkono mmoja kikaingia mkono mwingine. Pale ambapo sauti ya anayechukuliwa haihesabiwi, lugha haina sababu ya kutenganisha aliyekwenda akiimba na aliyekwenda akilia.

Mwaka 1611 ilitoka Biblia ya Kiingereza iliyoagizwa na Mfalme James. Katika Wimbo Ulio Bora 4:9 bwana arusi anamwambia mpenzi wake kwamba moyo wake umechukuliwa, na watafsiri wakatumia "ravish". Katika Mithali 5:19 mume anashauriwa alewe upendo wa mke wake siku zote, nao wakatumia neno lilelile. Kisha fungua Isaya 13:16, Maombolezo 5:11 na Zekaria 14:2. Hapo wanawake wanatendwa jeuri na majeshi yaliyouteka mji, na neno ni lilelile.

Kiebrania hakifanyi hivyo. Wimbo Ulio Bora unatumia kitenzi kilichoundwa kutokana na neno moyo. Mithali inatumia kitenzi cha kupotea njia, kama mtu aliyelewa. Maombolezo inatumia kitenzi cha kumdhili na kumtesa mtu. Nabii aliyelia juu ya wanawake wa Sayuni hakuazima neno kutoka chumba cha arusi. Watafsiri wa Union Version yetu nao walitofautisha: kwa bwana arusi waliandika habari ya moyo kushangazwa, na kwa wanawake wa Sayuni waliandika jeuri. Tunapaswa kuwashukuru. Mama aliyepatwa na jambo hilo, akiifungua Biblia yake ya Kiswahili, hatalikuta jina la maumivu yake limeandikwa tena kama jina la raha ya arusi.

Mshairi na ombi lake

John Donne alizaliwa London mwaka 1572 katika familia ya Kikatoliki, wakati ambapo kuwa Mkatoliki Uingereza kulikuwa hatari. Ndugu yake Henry alikamatwa kwa kumficha kasisi, akafa gerezani mwaka 1593. Mwaka 1601 Donne alimwoa kwa siri Anne More, binti mdogo kwake kwa miaka mingi, bila idhini ya baba yake. Mkwe akakasirika, na Donne akafungwa kwa muda mfupi. Donne, aliyekuwa amejiunga na Kanisa la Uingereza, alibarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1615, na mwaka 1621 akawa mkuu wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, London. Anne alikuwa amefariki mwaka 1617, baada ya kujifungua mtoto wa kumi na mbili aliyezaliwa mfu. Donne mwenyewe alifariki mwaka 1631, na mashairi yake yakachapishwa kitabuni mwaka 1633. Maisha haya yanatuonyesha kwamba aliyeandika hakuwa mtu wa kuchezea maneno akiwa amekaa kivulini. Alijua gereza, alijua kupenda kwa gharama, na alijua kuhangaika mbele za Mungu.

Shairi lenyewe ni sala fupi ya mistari 14, mojawapo ya mashairi yake yaitwayo Soneti Takatifu. Linamwita Mungu wa Utatu na kumwomba augongegonge moyo kama gogo la kubomolea lango la ngome. Mshairi analalamika kwamba hadi sasa Mungu amebisha tu, amepuliza, ameangaza, ametafuta kurekebisha, kama fundi anayeziba sufuria iliyotoboka. Hayo hayatoshi. Anataka avunjwe, achomwe, afanywe upya.

Kisha anatoa picha ya mji uliotekwa. Mwenye mji ni Mungu, lakini adui ameingia na kukalia kiti. Akili, iliyowekwa iwe liwali wa Mungu ndani ya mji, nayo imefungwa, au imekuwa dhaifu, au imeasi. Mwishoni picha inageuka. Mji unakuwa bibi arusi. Anampenda Mungu, lakini ameposwa na adui wa Mungu. Anaomba uchumba huo uvunjwe, fundo likatwe, achukuliwe, afungwe. Sababu anayoitoa imo katika maneno mawili ya nyuso mbili: hatakuwa huru mpaka Mungu amtie utumwani, kwa neno "enthrall", wala hatakuwa safi mpaka Mungu amnyakue kwa nguvu, kwa neno "ravish". Hilo la mwisho ndilo linalofunga shairi. Hakuna neno linalofuata la kulifafanua wala kulipunguza makali.

Ukweli uliomo

Kabla ya kulaumu ni haki kushukuru, na Mlutheri ana mengi ya kushukuru hapa. Donne amekataa uongo unaopendwa sana, kwamba mtu anaweza kujitoa mwenyewe katika dhambi akiamua vizuri Jumatatu asubuhi. Liwali amefungwa. Akili tunayoitegemea ituokoe nayo inahitaji kuokolewa. Katika maelezo ya Kanuni ya Imani, sehemu ya tatu, Katekisimu Ndogo inatufundisha kukiri kwamba kwa akili zetu na nguvu zetu hatuwezi kumwamini Yesu Kristo wala kumwendea. Donne amelisema jambo hilo kwa kilio.

Tena nyundo anayoiomba ipo. Yeremia 23:29 inalifananisha neno la Mungu na moto, na nyundo ivunjayo mwamba. Luther aliichukua picha hiyo katika Makala za Schmalkald za mwaka 1537 alipoeleza kazi ya Sheria: Mungu anawapiga chini kwa radi moja wenye dhambi wa wazi pamoja na wale wanaojiona watakatifu. Mchungaji asiyehubiri nyundo hiyo anawaacha watu wamelala katika nyumba inayoungua. Kwa hiyo hatuwezi kumlaumu Donne kwa sababu tu anaomba kupigwa.

Mahali shairi linapopotoka

Tatizo liko mahali nyundo inapopelekwa. Kwetu sisi Sheria na Injili ni maneno mawili ya Mungu mmoja. Sheria inavunja majivuno yetu, na hapo kazi yake inaishia. Injili inafuata na kumfunga majeraha aliyevunjwa. Donne amelichukua gogo la kubomolea lango akaingia nalo katika chumba cha arusi. Anaomba tendo la upendo wenyewe liwe tendo la kuvunja. Sheria imekula nafasi ya Injili, na bwana arusi amefanana na askari aliyeuteka mji.

Angalia pia anavyoudharau ubishaji hodi. Kwake, Mungu anayebisha ni Mungu ambaye bado hajatumia nguvu zake. Lakini katika Ufunuo 3:20 anayesimama mlangoni na kubisha ndiye yule ambaye, katika sura ya kwanza ya kitabu hicho, uso wake unang'aa kama jua na mkononi mwake zimo funguo za mauti na kuzimu. Angetaka kuubomoa mlango, angeubomoa. Anabisha, anasubiri asikiwe, na anachotaka ni kula pamoja na mwenye nyumba. Kila mmoja wetu anajua tofauti ya mgeni anayepiga hodi na mtu anayevunja mlango, hata kama wote wawili wanataka kuingia.

Wapo wanaomtetea mshairi, na hoja yao ina uzito. Wanasema huyu anaomba. Anayeomba achukuliwe hachukuliwi bila hiari yake, kwa hiyo neno la mwisho ni fumbo tu, na hapana jeuri. Nakubali nusu ya hoja hii. Ni kweli kwamba kuomba kwenyewe ni hiari. Lakini ikiwa kuna hiari, basi kilichoombwa sicho kile ambacho neno linataja. Wanawake wa Maombolezo hawakuomba. Mshairi amechukua jina la kilichowapata ili kuipa sala yake moto, yeye akiwa mwanamume ambaye neno hilo halikuwa tishio kwake anapotembea barabarani. Anayelisoma shairi akiwa na kumbukumbu ya kutendwa jeuri hawezi kuliacha neno hilo libaki fumbo. Anaambiwa kwamba kitu kilichomvunja ndicho kinachomfanya mtu awe safi. Hilo ni jambo la kutisha kuliweka mdomoni mwa mtu anayesali.

Maneno makali ya kiroho yanaweza pia kusafiri mbali kuliko mwandishi alivyofikiri. Bomu la kwanza la atomiki lilipojaribiwa huko New Mexico, Marekani, tarehe 16 Julai 1945, jaribio lilipewa jina la Utatu. Mwanasayansi J. Robert Oppenheimer aliulizwa baadaye sababu ya jina hilo. Katika barua ya mwaka 1962 alieleza kwamba sababu haikuwa wazi hata kwake, lakini alilitaja shairi hili la Donne kati ya mambo yaliyokuwa akilini mwake. Donne hana hatia ya bomu. Lakini mtu aliyezoea kumwita Mungu kwa maneno ya kubomoa na kuchoma anaweza kuuona moto wa kubomoa na kuchoma akadhani unafanana na Mungu.

Mbwa mwitu na Mchungaji

Hapa inafaa tuseme ukweli juu ya lugha za Biblia, tusije tukadhani kwamba kosa ni la Waingereza peke yao. Agano Jipya la Kigiriki nalo lina kitenzi cha kunyakua, "harpazo", chenye maana ileile ya kile cha Kilatini. Katika Yohana 10:12 mbwa mwitu ndiye anayewanyakua kondoo. Katika Mathayo 13:19 yule mwovu analinyakua neno lililopandwa moyoni. Lakini katika Matendo 8:39 Roho wa Bwana anamnyakua Filipo, katika 2 Wakorintho 12 Paulo anaeleza habari za mtu aliyenyakuliwa mpaka mbingu ya tatu, na katika 1 Wathesalonike 4:17 sisi sote tunaahidiwa kunyakuliwa tumlaki Bwana. Mwewe anayeshuka juu ya kifaranga na Bwana anayewaita watu wake wamepewa kitenzi kimoja. Kwa Kiswahili chetu ni vivyo hivyo.

Basi tutawatofautishaje? Barua ya Yuda, mstari wa 23, inatusaidia. Inasema wako watu wa kuokolewa kwa kunyakuliwa motoni, na kitenzi ni hichohicho. Mama anayemwona mtoto wake akitambaa kuelekea jikoni penye moto haombi ruhusa. Anaruka na kumnyakua, na pengine mtoto analia kwa hasira. Kwa macho tu, nguvu aliyoitumia inafanana na ya mwizi wa watoto. Lakini yako mambo mawili yanayomtambulisha. Kwanza, nguvu yake inapigana na moto, haipigani na mtoto. Pili, mkono unaoungua ni wake.

Yesu anatumia kipimo hicho anapozungumza juu ya mtu mwenye nguvu alindaye nyumba yake, katika Luka 11. Anakuja mwenye nguvu zaidi, anamshinda, anamnyang'anya silaha zake na kugawanya mateka. Nguvu yote inampiga mlinzi wa gereza. Na katika Yohana 10:28, mistari michache tu baada ya mbwa mwitu, Bwana anakitumia tena kitenzi kile kuahidi kwamba hakuna atakayewapokonya kondoo kutoka mkononi mwake. Mkono ulioshika ndio unaozuia kunyakuliwa.

Jinsi Mungu anavyogeuza nia

Mtu anaweza kuuliza: kama nia yangu imefungwa, na Mungu hanivunji kwa jeuri, ananitoaje? Luther alilishughulikia swali hilo katika kitabu chake juu ya utumwa wa nia, alichomwandikia Erasmus mwaka 1525. Wengi wanaikumbuka picha yake kali ya nia ya mwanadamu kama mnyama anayepandwa, ama na Mungu ama na Shetani. Wachache wanakumbuka kwamba katika kitabu hichohicho anakataa kabisa kuliita jambo hilo kulazimishwa. Mwenye dhambi, anasema, hatendi dhambi kama mwizi anayeburutwa kwa shingo kwenda kuadhibiwa. Anaitenda kwa kupenda. Na Mungu anapofanya kazi ndani yetu, nia inageuzwa, Roho anaipulizia kwa upole, nayo inaanza kutaka jema kwa kupenda kwake yenyewe.

Hapo ndipo Luther anapoachana na Donne. Kile ambacho mshairi alikihesabu kuwa udhaifu, yaani kupuliza, Luther anakiona kuwa ndiyo nguvu yenyewe ya Roho Mtakatifu. Jeuri inaweza kuumiliki mwili wa mtu huku moyo wake ukibaki mbali. Roho anaufikia moyo, na moyo ukigeuka hakuna tena wa kuvunjwa. Katika mafafanuzi yake ya Wagalatia yaliyochapishwa mwaka 1535, Luther anathubutu hata kulitumia neno la kunyakua kwa furaha: anasema teolojia yetu ina uhakika kwa sababu inatunyakua kutoka katika kujitazama wenyewe na kutuweka nje yetu, tuitegemee ahadi ya Mungu isiyoweza kudanganya. Huo ni unyakuo usioacha jeraha. Tunachopoteza ni mzigo wa kujitazama.

Tazama pia Luka 1. Masimulizi ya kale ya Wagiriki na Warumi yamejaa miungu wanaowanyakua wasichana. Zeu anajigeuza fahali na kumchukua Europa ng'ambo ya bahari. Watu wa nyakati za Luka walizijua hadithi hizo. Lakini Mungu wa Israeli alipotaka Mwanawe azaliwe na bikira, alimtuma mjumbe. Mjumbe akasalimu. Binti akafadhaika, akaambiwa asiogope. Akauliza swali, akajibiwa. Kisha akajibu kwa kinywa chake mwenyewe, ndipo malaika akaondoka. Tendo kubwa kuliko yote ambayo Mungu aliyafanya katika mwili wa mwanadamu lilipitia mazungumzo, na jibu la msichana wa Nazareti limehifadhiwa katika Injili.

Yapo pia masimulizi mengine ambayo Biblia haikuyaficha. Katika 2 Samweli 13, Amnoni anasemwa kuwa alimpenda Tamari hata akaugua. Tamari alikataa, akatoa sababu zake moja baada ya nyingine, na mwandishi ameziandika zote. Amnoni hakusikia, akamtenza nguvu. Mara baada ya hapo chuki yake ikawa kubwa kuliko ule uliokuwa umeitwa upendo. Mwandishi hakuhitaji kuhubiri. Ametuonyesha kwamba upendo usiosikia neno la anayependwa ulikuwa kitu kingine tangu mwanzo.

Linalotuhusu sisi

Kwa nini washarika wajishughulishe na shairi la Mwingereza wa miaka mia nne iliyopita? Kwa sababu mchanganyiko huu haujabaki London. Yuko mke anayeambiwa kwamba kipigo ni dalili ya kupendwa, na asipopigwa ajiulize. Yuko anayefunguliwa Waefeso 5 mbele ya uso wake na kusomewa mstari wa kutii, kitabu kikafungwa kabla ya kufika mahali mume anapoagizwa kupenda kama Kristo alivyolipenda Kanisa. Yuko kijana anayesukumwa paji la uso wakati wa maombi mpaka aanguke, kisha anaambiwa ni Roho, ingawa Paulo anatufundisha katika 1 Wakorintho 14 kwamba roho za manabii huwatii manabii. Yuko binti anayeogopa kumkatalia mtu mwenye cheo kanisani kwa sababu amefundishwa kwamba kukataa ni kiburi. Wote hao wamefundishwa, kwa maneno au kwa mazoea, kwamba penye upendo mkuu lazima pawepo kuvunjwa.

Waefeso 5 inatujibu, tukiisoma mpaka mwisho. Kristo amempata bibi arusi wake, na kweli katika habari ya arusi hiyo kuna jeuri. Kuna mijeledi, misumari na mkuki. Lakini angalia ni mwili wa nani uliopigwa. Alijitoa nafsi yake kwa ajili ya Kanisa ili alitakase. Bibi arusi amefanywa safi, na majeraha yako mikononi na ubavuni mwa Bwana arusi. Msalabani furaha na jeuri vilikutana kweli, kama vinavyokutana katika neno la Donne. Lakini jeuri yote ilimwangukia yeye, na furaha imeletwa kwetu.

Shairi la Donne lisomwe. Halifai kufichwa, kwa maana kilio chake ni cha mtu anayejua kwamba hawezi kujiokoa, na wengi wetu tungepata faida kama tungelia hivyo walau mara moja. Lakini lisisomwe kama kielelezo cha jinsi Mungu anavyopenda, na mhubiri anayelitumia asimamishe kidogo kwenye neno la mwisho, awaambie watu wazi kwamba Biblia haimpi Mungu kazi hiyo. Nasi tunaposimama kuhubiri, kushauri wanandoa au kuongoza maombi, tuchague maneno yetu kama walivyochagua watafsiri wa Biblia yetu, tukikumbuka kwamba kwenye benchi la tatu anaweza kuwa ameketi Tamari. Akisikia kwamba Bwana anakuja kuwanyakua watu wake, aambiwe pia ni Bwana gani: yule aliyebisha hodi, aliyengoja jibu la Mariamu, na ambaye mikono yake ndiyo yenye makovu.